Geti la hospitali si geti la benki

Usiku mmoja, miaka michache iliyopita, nilifika kwenye geti la hospitali moja jijini Dar es Salaam nikiwa kwenye bajaji, nimemshikilia shangazi yangu ambaye pumu ilikuwa imembana tangu magharibi. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alitusalimia, akamulika tochi ndani, akampa shangazi pole, kisha akafungua daftari. Alitaka namba ya bajaji, jina la dereva, simu ya dereva na saa ya kuingia. Kalamu ikagoma. Akaisugua kwenye kiganja, akaipuliza, akaenda kibandani kutafuta nyingine. Dereva akazima injini, na katika ule ukimya nikasikia kifua cha shangazi kikilia kama filimbi.

Tuliingia, akawekwa oksijeni, akapata nafuu. Asubuhi nilipotoka kutafuta chai nilichungulia lile daftari, lilikuwa wazi juu ya meza. Mstari wetu ulikuwepo. Namba ya bajaji ilikosewa tarakimu mbili. Dereva ameandikwa Juma, na hakuwa Juma. Safu ya saa ya kutoka ilikuwa tupu, kama zilivyokuwa tupu safu za karibu magari yote ya usiku ule. Kwa mujibu wa daftari, bajaji yetu ingali mle hospitalini hadi leo.

Kila ninaposikia hospitali fulani inafikiria kufunga kamera za kusoma namba za magari, ndilo ninalolikumbuka. Kwa sababu kamera hiyo, ukiivua mapambo ya wauzaji, ni daftari la getini lililopewa macho na mwendo. Inaandika namba na saa ya kuingia, inaandika saa ya kutoka, na kalamu yake haiishi wino. Hayo si madogo. Lakini daftari halijawahi kumzuia mwizi wala kumpitisha mgonjwa. Swali la kuuliza kabla ya kutoa hela ni lile ambalo hatukuwahi kuliuliza kuhusu daftari lenyewe: tunaandika namba hizi ili iweje?

Teknolojia hii si uchawi, na wala si ngeni. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1976, katika tawi la utafiti wa kisayansi la polisi, na mwaka 1981 kwa mara ya kwanza mtu alikamatwa kwa sababu kamera ilitambua gari la wizi. Kamera hupiga picha ya gari linapokaribia, mara nyingi ikisaidiwa na mwanga wa infraredi ambao jicho la mtu halioni. Kibao cha namba kimetengenezwa ili kurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo usiku hung'aa kwenye picha huku gari lenyewe likibaki giza. Programu hukitafuta kile kibao, hutenganisha herufi moja moja, huzifananisha na zile inazozijua, kisha hutoa jibu pamoja na kiwango cha uhakika wake. Jibu likipatikana kwenye orodha ya magari ya wafanyakazi, kizuizi kinapanda. Likipatikana kwenye orodha ya magari yanayotafutwa, kengele inalia kibandani. Lisipopatikana popote, picha na saa vinahifadhiwa. Yote hayo hufanyika kabla dereva hajamaliza kushusha kioo.

Nianze na usalama, maana ndiyo hoja ya kwanza ya wauzaji, na ndiyo hoja ninayoiamini kidogo kuliko zote.

Tarehe 14 Novemba 2021, saa tano asubuhi ikikaribia, teksi ilisimama mbele ya lango kuu la Hospitali ya Wanawake ya Liverpool. Abiria aliyekaa nyuma alikuwa na bomu alilolitengeneza mwenyewe. Likalipuka. Abiria akafa, dereva akajinasua kabla moto haujalimeza gari lote. Ilikuwa teksi halali ya kukodi, ya dereva anayefanya kazi yake. Weka kamera bora kuliko zote duniani kwenye njia ya kuingilia pale, nayo ingesoma namba, ingezikuta safi, na ingelipitisha gari. Kamera inalijua gari. Haimjui aliyepanda.

Na hilo ni tukio la gari. Kwetu, maovu mengi ya hospitalini huingia kwa miguu: kishoka anayejifanya msaidizi wa daktari ili ale hela ya ndugu wa mgonjwa, kibaka wa simu wodini, yule anayevaa koti jeupe la kuazima na kwenda wodi ya wazazi. Hakuna kibao cha namba mgongoni kwa mtu. Hospitali ikiweka bajeti yote ya ulinzi kwenye geti la magari, itakuwa imefunga dirisha huku mlango umeachwa wazi.

Pamoja na hayo sitaki kuidharau. Yapo mambo ya ulinzi ambayo kamera hizi huyafanya vizuri kweli, ila ni ya kawaida mno kiasi kwamba hayapendezi kwenye vipeperushi. Gari likiibwa kwenye maegesho, saa ya kutoka inajulikana na picha ya aliyekuwa kwenye usukani inaweza kuwepo. Mtu akimgonga mwenda kwa miguu, akamleta hadi mapokezi, akamshusha na kutokomea, namba yake haitokomei naye. Moto ukizuka usiku, mlinzi anajua kuna magari mangapi ndani na ni ya nani. Na hili la mwisho ndilo nililolisikia kwa wafanyakazi wa hospitali zaidi ya moja: magari ya watu wasio na shughuli hospitalini. Hospitali iliyo katikati ya mji ni maegesho ya bei rahisi kwa anayefanya kazi jengo la jirani. Anaingia saa mbili kasorobo asubuhi, anamwambia mlinzi anampeleka mgonjwa, anatoka saa kumi na moja jioni, siku tano kwa wiki. Daftari haliwezi kumgundua, kwani hakuna mtu anayefungua kurasa za jana. Kamera ikipewa kazi hiyo humtoa hadharani ndani ya wiki mbili, na nafasi ishirini au thelathini za namna hiyo zikirudi kwa wagonjwa, watu wataiona tofauti hata kabla hawajaambiwa.

Hapo tumeingia kwenye maegesho, na ndipo utamu na uchungu wa jambo hili ulipo.

Uingereza imezifunga kamera hizi kwenye maegesho ya hospitali kwa wingi, na kuna sababu ya kisheria iliyoharakisha. Sheria ya Ulinzi wa Uhuru ya mwaka 2012 ilipiga marufuku, kwa England na Wales, kufunga magurudumu ya magari kwa minyororo kwenye maeneo binafsi. Kampuni za maegesho zilizokuwa zikiishi kwa minyororo zikapoteza silaha yao. Lakini sheria hiyohiyo iliziachia mlango mwingine: ziliruhusiwa kumdai mmiliki aliyesajiliwa wa gari pale ambapo dereva hajulikani. Mamlaka ya usajili wa magari, DVLA, huwapa jina na anwani ya mmiliki kwa pauni 2.50 kwa kila ombi. Kamera moja kwenye lango la kuingilia, moja kwenye lango la kutokea, kompyuta, bahasha na stempu: biashara imekamilika, na hakuna tena haja ya kumwajiri mtu wa kuzunguka maegeshoni kwenye mvua. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya maegesho ya ParkingEye dhidi ya dereva Beavis, ikasema adhabu ya pauni 85 kwa aliyezidisha muda kwa dakika 56 kwenye maegesho ya maduka huko Chelmsford ni halali. Tangu hapo kampuni zikawa na uti wa mgongo.

Kwenye maduka jambo hilo lina mantiki yake. Ukizidisha muda dukani, umezidisha wewe. Hospitalini, anayezidisha muda ni kliniki. Uliandikiwa saa nne, daktari akaitwa chumba cha upasuaji, ukaonwa saa saba. Kamera haina habari. Ilikuona ukiingia, ikakuona ukitoka, ikatoa hesabu. Tena hesabu hiyo huanza langoni, si pale ulipozima gari, kwa hiyo dakika ishirini za kuzunguka ukitafuta nafasi nazo umelipia. Kuna na kasoro ambayo mafundi wa mifumo hii wanaijua vizuri: mtu aliyekuja asubuhi na kurudi jioni siku hiyohiyo. Lori likiziba kamera wakati anatoka mara ya kwanza, na jua likaipofua wakati anaingia mara ya pili, mfumo utabaki na kuingia kwa asubuhi na kutoka kwa jioni. Utaamini kwamba amekaa humo kwa muda wa saa kumi. Fikiria ni watu gani huja hospitali mara mbili kwa siku. Ni mama anayemnyonyesha mtoto aliyelazwa. Ni mtoto wa kiume anayeleta uji asubuhi na supu jioni.

Scotland ilifuta malipo kwenye maegesho yanayoendeshwa na huduma ya afya ya umma mwishoni mwa mwaka 2008. Wales ilianza njia hiyo mwaka huohuo, ingawa hospitali zilizokuwa zimefungwa na mikataba ya kampuni zilisubiri, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Wales mjini Cardiff, iliyo kubwa kuliko zote huko, haikujinasua hadi mwaka 2018. Kabla ya hapo kampuni iliyokuwa ikisimamia maegesho yake iliwapeleka mahakamani wauguzi na wafanyakazi wengine kwa madeni ya kuegesha kazini kwao, na mwaka 2017 ikashinda. England bado inatoza, ingawa ina misamaha kwa wenye ulemavu, wagonjwa wa mara kwa mara, wazazi wanaolala na watoto wao wodini, na wafanyakazi wa zamu ya usiku. Serikali ilichapisha kanuni za kuzibana kampuni za maegesho Februari 2022. Kampuni zikaenda mahakamani, na mwezi Juni mwaka huohuo kanuni zikaondolewa.

Ninachokisoma kwenye mkasa huo wote ni kwamba kamera haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mkataba. Ukimlipa mtu kutokana na faini, umemlipa ili watu wachelewe, na hakuna mahali watu wanachelewa kwa uhakika kama hospitali. Kliniki ikizorota, kampuni inashiba. Huwezi kuwa na washirika wawili ndani ya uzio mmoja, mmoja anaomba foleni iishe na mwingine anaomba irefuke.

Kwa nini liwahusu wa Dar es Salaam au Nairobi? Kwa sababu nusu ya njia tumeshaipita bila kelele. Anayeegesha barabarani Dar es Salaam anajua: mhudumu anapita na simu, anaingiza namba ya gari lako, na deni linakaa kwenye namba hiyo likikungoja ulilipe kwa kumbukumbu namba. Namba ya gari imeshakuwa akaunti. Kenya nayo Agosti 2022 ilizindua vibao vya kizazi kipya vyenye alama za usalama za kuwakwamisha wanaoghushi. Kiteknolojia hakuna kinachozuia hospitali yoyote kesho asubuhi kuunganisha kamera na deni. Na hospitali zetu zina njaa ya mapato ya ndani. Akitokea mfanyabiashara akasema, "Nitafunga kila kitu bure, hamtoi hata senti, nitajilipa kwenye makusanyo," mkurugenzi atakayemkatalia atahitaji moyo mgumu. Namwombea awe nao.

Sasa tuje kwenye geti lenyewe, lile la kwetu, kwani hapo ndipo mitambo iliyobuniwa kwa ajili ya Manchester huanza kutapatapa.

Kaa nusu saa nje ya lango la Muhimbili ukihesabu kinachoingia. Magari binafsi yapo, mengi. Lakini zipo bajaji, zipo bodaboda zilizobeba wagonjwa katikati ya dereva na ndugu, zipo teksi za kuitwa kwa simu, pikapu zenye godoro nyuma, Noah zilizojaa ukoo mzima. Pikipiki ina kibao kimoja, kiko nyuma, ni kidogo na namba zake zimepangwa mistari miwili. Kamera inayotazama uso wa magari yanayoingia haitaona chochote isipokuwa taa na kofia ngumu, kama ipo. Vibao vya magari ya mikoani vina tope la njiani. Vingine vimepauka, vingine vimekunjwa na ukuta wa jirani. Kusoma namba T 123 ABC iliyo safi mchana ni kazi rahisi. Kuisoma saa mbili usiku mvua ya Aprili ikinyesha, gari likiwa limewasha taa zote, ni kazi nyingine.

Hapa pana hesabu ndogo ambayo kila kamati ya zabuni ingepaswa kuifanya kwenye karatasi. Namba ya gari ya Tanzania ina herufi na tarakimu saba. Ya Kenya, mfano KDJ 123A, nayo ni saba. Muuzaji akikuambia mtambo wake una uhakika wa asilimia 99, muulize: wa herufi moja, au wa namba nzima? Ikiwa ni wa herufi moja, basi ili namba nzima iwe sahihi lazima zote saba zipatiwe, na ukizidisha 0.99 kwa yenyewe mara saba unapata 0.93. Magari saba katika kila mia yatasomwa vibaya. Kwenye geti linalopitisha magari 1,500 kwa siku, ni magari mia moja na ushee kila siku ambayo mtambo unayaita kwa majina ya wengine. B inakuwa 8, S inakuwa 5, sifuri inakuwa O. Wakenya waliliona tatizo hilo mapema kwa jicho la binadamu tu, ndiyo maana baada ya KDH ilikuja KDJ, herufi I wakairuka.

Kosa la namna hiyo likitumika kufungua kizuizi, madhara yake ni mlinzi kunyanyuka na kubonyeza kitufe. Likitumika kutoza faini, ni barua inayomfikia mtu wa Singida ambaye hajafika Dar es Salaam mwaka mzima. Mtambo uleule, kosa lilelile. Kinachobadilika ni kazi uliyoupa.

Kazi ambayo mimi ningeupa mtambo huo ni moja kabla ya nyingine zote: kuhakikisha anayekufa hasimami.

Tanzania ina mfumo wa m-mama, unaopatikana kwa namba ya bure 115. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, simu inapigwa, mhudumu anapima uzito wa hali, na ambulansi ikiwa mbali anatafutwa dereva wa jamii aliye karibu, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyesajiliwa kwenye mfumo, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Ni moja ya mambo bora tuliyonayo. Lakini tazama kinachotokea mwisho wa safari. Ambulansi ina king'ora na rangi, mlinzi anaijua kwa mbali. Dereva wa jamii anafika na gari dogo lisilo na alama yoyote, na kwa mlinzi hana tofauti na aliyekuja kumtazama mjomba wake. Anasimamishwa, daftari linafunguliwa.

Madereva hao wamesajiliwa. Kuziingiza namba za magari yao kwenye orodha ya kupita bila kusimama, pamoja na ambulansi za wilaya zote jirani, ni kazi ya mchana mmoja. Hata bora zaidi: simu ya 115 ikishapangia gari, namba ya gari hilo iende hospitali linakoelekea, ili kamera ya getini inapoliona isifungue kizuizi tu, bali ipige kengele kwenye wodi ya wazazi. Mkunga anapata dakika mbili au tatu za kuvaa glavu na kusogeza kitanda. Sijaona muuzaji anayetangaza kitu cha aina hiyo, nadhani kwa sababu hakina mapato.

Vipi kuhusu yule wa bodaboda, yule wa pikapu, na sisi wa bajaji tulioondoka nyumbani bila kumpigia mtu simu? Hao hawamo kwenye orodha yoyote na hawatakuwamo. Kwao, sheria ya geti iwe rahisi: njia ya dharura haina kizuizi. Kamera iko juu, inasoma inachoweza, inapiga picha ya kile isichoweza, na mlinzi anaangalia watu badala ya karatasi. Uandishi unafanyika wakati gari liko kwenye mwendo, au wakati linatoka likiwa tupu na dereva ameshatulia. Kwa pikipiki, kamera itazame nyuma, baada ya geti. Hili mtu yeyote aliyewahi kupanda bodaboda angelisema, lakini michoro ya zabuni huchorwa na watu wasiopanda bodaboda.

Na umeme. Kizuizi kikikosa umeme kinabaki kilipo, au kinashuka, au kinapanda, kulingana na kilivyofungwa na fundi. Kwenye benki ni sahihi kishuke. Hospitalini lazima kipande, na betri ya kukiwezesha kupanda iwepo, na mlinzi ajue kukiinua kwa mkono hata akiwa peke yake. Orodha ya namba za ambulansi iwe ndani ya kompyuta ya getini, si kwenye seva ya mbali inayotegemea intaneti ya mtaa. Hospitali kubwa zina tatizo jingine la ziada: geti ni la nani? Ndani ya uzio wa Muhimbili kuna hospitali ya taifa, taasisi ya mifupa ya MOI, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete na chuo kikuu cha afya. Kenyatta ya Nairobi nayo inapakana na wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vya tiba. Kila taasisi ikileta orodha yake ya "magari ya wakubwa," orodha ya kupita bila kusimama itakuwa ndefu kuliko foleni yenyewe. Nimeona vibali vya kioo cha mbele vikigawiwa mpaka kwa shemeji.

Limebaki jambo ambalo hunisumbua kuliko faini.

Jijini Dar es Salaam, mtu akikuambia fulani anakwenda Ocean Road, hakuambii habari za ufukwe. Taasisi ya Saratani iko pale, na jina la zamani la barabara limeshakuwa jina la ugonjwa. Sasa chukua kumbukumbu za kamera ya lango la hospitali kama hiyo kwa miezi sita. Huhitaji faili la mgonjwa. Gari linaloingia kila siku ya kazi kwa wiki tano mfululizo, likikaa dakika arobaini kila mara, limeshakusimulia mionzi. Gari linalofika kliniki ya dawa za virusi vya Ukimwi kila baada ya miezi mitatu limesimulia lake. Mwajiri, mpinzani wa kisiasa, mke wa zamani, wakala wa bima: kila mmoja wao angelipia orodha hiyo, na anayeikalia ni mlinzi wa zamu mwenye mshahara mdogo na kompyuta isiyo na nywila.

Sheria tunazo. Kenya ilipitisha ya kulinda data mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwangu mimi, namba ya gari iliyosomwa kwenye lango la hospitali ni taarifa ya afya, hata kama aliyeisoma ni mlinzi. Nasema hivyo nikijua kwamba hata waliotutangulia kwenye kamera hizi nao huteleza. Aprili 2020 iligundulika kwamba mfumo wa kamera za namba za magari wa halmashauri ya jiji la Sheffield ulikuwa wazi kwenye intaneti, bila nywila, ukiwa na kumbukumbu milioni 8.6 za safari za watu. Hakuna aliyeuvunja. Ulisahaulika tu.

Kinga iliyo nzuri kuliko nywila ni kutokuwa na kitu cha kuiba. Gari likishatoka salama, hakuna aliyelalamika kuibiwa wala kugongwa, kumbukumbu yake ifutwe baada ya siku saba. Anayegundua amechomolewa redio ya gari hugundua siku hiyohiyo, si baada ya mwaka. Polisi wakitaka, waandike barua yenye namba ya gari moja na sababu, wasipewe orodha nzima ya wiki. Na kamera ya getini isiunganishwe na mfumo wa wagonjwa. Isipokuwa ile kengele ya wodi ya wazazi, ambayo haihitaji jina la mtu.

Kama hospitali yako iko kwenye hatua ya kuchagua mzabuni, usimsikilize akiwa ukumbini na projekta. Mwite usiku wa mvua. Leteni bodaboda kumi, bajaji tano, gari moja lenye tope kwenye kibao na moja la dereva wa jamii ambalo namba yake imeingizwa kwenye orodha jioni ileile. Yapite getini moja baada ya jingine, halafu katikati ya zoezi mtu akazime umeme bila kumwambia fundi. Mwekeni muuguzi wa zamu na saa mkononi, ahesabu sekunde ambazo kila chombo kimesimama. Mezani karibu yake mwekeni mlinzi na daftari lake la zamani na kalamu mpya, naye aandike magari hayohayo, ili mwisho wa zoezi mlinganishe kurasa mbili na mjue kama mnanunua kitu au mnanunua jina lake.